Majani Bila Makonyo

Barua ilikuja Jumatatu, na Zuwena akanisomea mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikuamini. Nasari wanaomba kila mtoto alete majani makavu kumi ya rangi mbalimbali. Ayaokote mwenyewe njiani, yatiwe kwenye mfuko wa karatasi, na jina la mtoto liandikwe juu.

"Majani," nikasema.

"Majani, Mama. Ni msimu wa majani kupukutika. Wanajifunza mambo ya maumbile."

"Majani ya kupikia?"

"Ya njiani tu. Yaliyoanguka."

Lahaula! Nina miaka sitini na tatu, hamsini na tisa nimeila Pemba, na sijapata kuona mtu mzima mwenye cheti ukutani anamtuma mtoto wa watu jaani. Kwetu jani likianguka uani linafagiwa asubuhi kabla jua halijapanda, na msichana asiyefagia anasemwa mpaka mtaa wa pili. Hapa Walthamstow, London, linaokotwa, linatiwa mfukoni, linapelekwa skuli likasomeshwe.

Na si hayo tu. Mtaani kwetu hapo hapo kuna mtu wa baraza la mji, kavaa koti la rangi ya kuumiza macho, ana mashine mgongoni ya kupuliza upepo. Kazi yake ni kuyasukuma majani yale yale yaondoke. Basi asubuhi tunapita mie na mjukuu wangu, bwana yule anapuliza, sisi tunaokota, tunagombania taka. Siku moja akazima mashine akasimama kando kutungoja tumalize. Niliona haya, sikumtazama usoni.

Mjukuu mwenyewe anaitwa Malak, binti wa Zuwena wangu, miaka minne kasoro miezi miwili. Zuwena anafanya kazi ofisini huko Croydon, anatoka giza anarudi giza. Mumewe, Riyadh, anaendesha basi zamu za usiku, na huyo mie namjua zaidi akiwa amelala. Kwa hivyo mtoto ni wangu. Nilikuja London alipozaliwa, mume wangu akiwa ndiyo kwanza amefariki, na tangu siku ile namuogesha mie, namlisha mie, nampeleka mie. Kiingereza changu ni maneno arubaini hivi, nayo yananitosha sokoni: samaki yule, la, si huyo, mwengine, mkubwa kidogo, ahsante.

Nasari alianza Septemba, na tangu Septemba sijaona wakisomeshwa kitu. Si alifu, si be, hata A yao wenyewe. Kila jioni simu ya Zuwena inalia, picha zimeletwa. Malak ameshika jani. Malak amenusa jani. Malak ameweka jani chini ya karatasi akasugua kwa krayoni, umbo la jani likatokea juu, na watu wazima watatu wanapiga makofi. Wana beseni la maji wanatia mbegu fulani za kahawia zinazong'aa, nzuri kwa kweli, nikauliza zinaliwaje, nikaambiwa haziliwi. Wanazitazama tu zinavyoelea. Uwanjani wana jiko la matope, na masufuria yake ni ya kweli, mazima, bora kuliko yangu. Watoto wanapika matope kwa majani, mwalimu anatia kijiko karibu na mdomo anasema "mmm". Na jani lililowapendeza kuliko yote wanalivisha plastiki kwa mashine ya moto, wanalibandika ukutani. Limeshakufa, na hata kuoza hawaliachi.

Mwalimu wake ni Amisha, binti wa Kihindi aliyezaliwa papa hapa London. Mrefu, mpole mpaka anachosha, soksi moja ya njano na moja ya kijani, na ni makusudi. Kila anayesema naye anampigia magoti. Watoto sawa, wafupi, lakini siku ya kwanza alitaka kunipigia magoti na mie nilipokuwa nimekaa, nikamwambia "up, up". Ananiita "Grandma", na mie sijamzaa mama yake wala baba yake.

Mtasema nina roho mbaya. Haya, ninayo.

Na kila siku tukirudi nyumbani namvua Malak viatu vya mvua huku nasema yangu. Hawa watu hawana akili, mama. Takataka hizi. Mtu kasoma mpaka chuo kikuu, kisha anahesabu majani. Malak anacheka, anapenda nikisema hivyo. Na mie nikiona anacheka naongeza.

Ningeendelea hivyo mpaka mtoto akamaliza nasari. Lakini wiki ya kwanza ya Oktoba walimwita Zuwena, na aliporudi hakuvua hata koti.

"Mama, Malak hasemi kule."

"Hasemi nini?"

"Hasemi kitu. Tangu alipoanza. Si Kiingereza, si Kiswahili, si ndiyo wala la. Akitaka chooni anakwenda kushika mlango."

Nilicheka. Malak? Malak huyu? Mtoto huyu anaanza kusema kabla hajafumbua macho. Anasema na mswaki, anasema na wali, katuni za Kiingereza anazijibu kwa Kiingereza, mama yake anamjibu kwa Kiingereza, na mie ananijibu kwa Kiswahili safi kwa sababu Kiingereza changu kinamchekesha. Nikamwambia Zuwena wamekosea mtoto, wana watoto wengi mle.

"Hawakukosea. Na mkuu wao anasema lugha mbili zimemkoroga. Anasema bora nyumbani tuseme Kiingereza kitupu, tuone."

"Mkuu wao nani? Yule mwenye miwani inayoning'inia kifuani?"

"Mama, sikiliza. Kuna siku ya wazazi, Ijumaa ya mwisho kabla ya likizo ya wiki moja. Kama mpaka siku ile hajasema, tukirudi likizo nyumba hii ni Kiingereza tu. Sote."

"Sote nani?"

"Sote, Mama."

"Mie nina maneno arubaini, Zuwena."

Alikwenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Jamani, mie sina kitu London. Mume sina, baraza sina, shoga wa kukaa naye na kumteta mtu sina. Nina kitoto kile na maneno yake. Nimwambie nini kwa maneno arubaini? Nimwamshe kwa "come", nimlaze kwa "good night", na katikati nimtazame kama samaki wa sokoni? Niliingiwa na woga ambao sikuwahi kuujua tangu kufiwa. Na aliyenitia woga huo ni mkuu wa watu wanaovisha majani plastiki.

Sasa niwaeleze kitu kimoja tunachofanya mie na Malak. Kaka yangu Shaame yuko Mtambwe, huko huko Pemba, na akipata msafiri huniletea karafuu. Huzileta chafu, makusudi, kwa kuwa anamjua dada yake. Karafuu ikichumwa haiji moja moja, inakuja kwa vichala, imeshikana na vijiti vyake. Vijiti hivyo ndiyo makonyo. Basi wanawake na watoto mnakaa kitako mnachambua, karafuu huku, makonyo kule, na mwenye mkono mzuri hujulikana kijiji kizima. Nina ungo wangu niliokuja nao, umepita viwanja viwili vya ndege chini ya kwapa langu. Siku za mapumziko tunauweka sakafuni mbele ya redieta inayotia joto chumbani, namwaga karafuu za Shaame, tunachambua.

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sheria yake kwenye rundo. Ukikaa kuchambua husemi. Anayesema anachanganya, na karafuu zikichanganyika na makonyo zinarudishwa, na aibu ni ya nyumba nzima. Kimya mpaka rundo liishe, na kuisha si wewe unayeamua, ni yeye, anaugonga ungo kwa chini mara tatu. Hapo ndipo midomo ilipofunguka, watoto tisa kwa mpigo.

Sheria hiyo nikampa Malak alipokuwa na miaka miwili na nusu. Na nikisema kweli, sikumpa kwa ajili ya mila. Nilimpa kwa sababu alikuwa hanyamazi, kichwa kinaniuma, nikaona hapa nitapata nusu saa ya kupumua. Akaishika vizuri ajabu. Anakunja miguu, anafunga mdomo, vidole vinakwenda. Hata ukimwita kwa jina hageuki mpaka nigonge. Niliwapigia simu Pemba kujisifu.

Basi wiki tatu zile nilihangaika. Nilimsomea dua, nikampaka mafuta ya habasoda kooni, nikamuahidi visheti. Kila asubuhi njiani namwambia, "Malak, mama, leo sema. Sema 'good morning, Amisha', hata kama humaanishi."

"Sawa, Bibi."

Akitoka saa tisa namuuliza, "Umesema?"

"Bado."

"Kwa nini bado?"

"Bado hatujamaliza."

Nikafikiri hawajamaliza kula, au hawajamaliza ule wimbo wao wa kalunguyeye, ambao kwa kweli hauna mwisho. Sikumuuliza tena. Nilishaamua kwamba mle ndani hamna kitu cha maana, sasa niulize nini? Siku nyengine akatoka ana plasta gotini. Nikauliza, "Umeanguka?" Akaitikia kwa kichwa. Nikamlaani Amisha na jiko lake la matope mpaka tukafika nyumbani.

Ikafika Ijumaa. Zuwena aliomba ruhusa kazini, akaja na koti la ofisi na viatu vya ofisi, na simu mkononi tayari kurekodi. Mie nilivaa buibui langu zuri, sikwenda kule kudharauliwa.

Laiti mngeona! Wazazi ishirini wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Mezani kuna udongo wa mfinyanzi, wanatengeneza kalunguyeye, wanachomeka vijiti mgongoni viwe miiba. Baba mmoja mwenye ndevu na tai, pengine ni wakili huyo, ametoa ulimi nje kwa bidii, kamnyang'anya mtoto wake udongo anamalizia yeye. Mama mwengine kavaa taji la majani kichwani na anazungumza na watu vivyo hivyo, uso mkavu, kama hana kitu kichwani. Ukutani kumetungwa kamba nzima ya majani yaliyovishwa plastiki. Nikamwambia Zuwena sikioni, "Hawa ndio waliotutawala."

"Mama, tafadhali."

Malak hakumsalimu mtu. Alivua koti, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya dirishani, meza fupi, juu yake pana trei kubwa la plastiki limejaa majani na vichala vya vitunda vyekundu vya porini. Watoto wengine walikuwa wanayarusha na kuyachungulia kwa vioo vya plastiki vya kukuzia. Yeye akalivuta trei, akaliteremsha sakafuni, akakunja miguu.

Akaokota kichala. Akakibana kiganjani, akakizungusha kwa kidole gumba. Vitunda huku, kijiti kule. Akaokota jani, akakata kikonyo chake kwa ukucha, jani huku, kikonyo kule. Kingine. Kingine. Mirundo minne, haigusani, safi. Moyo wangu ulijaa, wallahi. Katika chumba kile cha wapumbavu, ni mtu mmoja tu aliyekuwa anafanya kazi, naye ni wa kwangu.

Amisha akaja akapiga magoti kando ya Zuwena, akamwambia kitu kwa sauti ndogo, na Zuwena akanitafsiria, na kila neno sauti yake inazidi kushuka.

"Anasema hivi ndivyo anavyofanya kila siku. Tangu wiki ya kwanza. Hachezi kingine. Anakata vikonyo vya majani yote, mpaka ya wenzake, hata ya kutungia mataji hakuna tena. Mkuu wao ameandika kwenye faili kwamba ni dalili ya tatizo. Lakini yeye Amisha anamuachia kwa sababu anaona inamtuliza. Na anasema kila anapokaribia kumaliza, yeye anamjazia mengine, asije akakosa."

Nikalitazama lile trei.

Kila anapokaribia kumaliza, anamjazia. Bado hatujamaliza, Bibi. Wiki saba mtoto yule amekaa kwenye rundo lisiloisha, mdomo kaufunga, anangoja mtu agonge. Na wa kugonga nilikuwa mie, niko nyumbani nawacheka walimu wake.

Nitawaambia ukweli kwa kuwa nimeshaanza. Kwanza nilitaka kunyamaza. Nikisema, Zuwena atajua ni nani aliyemziba mtoto mdomo, na kwa nini. Nisiposema, likizo ikiisha nyumba ni ya maneno arubaini. Nikaona pana njia ya tatu, ya mkato. Nikachutama kando ya Malak, nikaligonga trei lile kwa chini mara tatu.

"Haya, mama, limekwisha. Sema."

Malak akalitazama trei. Lilikuwa nusu limejaa. Akanitazama mie. Kisha akavuta mdomo upande mmoja, vile hasa mie ninavyouvuta nikiona mtu anapika matope. Ule mdomo ni wangu, nimeurithi kwa mama yangu, na sijawahi kuvutiwa mie.

"Bado, Bibi," akasema. "Bado yamo."

Amisha alishika mdomo kwa mikono miwili. Zuwena simu ilimponyoka. Yule baba wa ndevu akainua kichwa kutoka kwa kalunguyeye wake. Wiki saba, na neno la kwanza la mtoto mle ndani ni Kiswahili, na ni la kunisuta bibi yake kwa uongo wangu.

Amisha akauliza kasema nini. Zuwena akamwambia. Kisha Zuwena akanigeukia mie, polepole.

"Bado nini, Mama?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nimechutama pale sakafuni na buibui langu zuri, sheria ya rundo, kugonga mara tatu, hata kile kichwa kilichokuwa kinaniuma. Zuwena alimgeukia Amisha akatafsiri, maelezo marefu, na mie nikangoja. Nilijua kinachokuja. Wangecheka, na wangekuwa na haki, maana mie nimewacheka wao mwezi na nusu bila kupumzika. Wangenipiga na picha wakaituma kwenye simu za wazazi wote: Bibi ameshika ujinga wake.

Amisha hakucheka. Alitikisa kichwa, akasema kitu, na Zuwena akanitafsiria bila kunitazama.

"Anasema ni kosa lake. Yeye ndiye aliyekuwa akijaza."

Hilo liliniudhi kuliko matusi. Nimejitayarisha kutukanwa, mtu ananiomba radhi! Kisha akainuka, akachukua mifuko yote ya majani, ile yenye majina ya watoto, na mfuko wetu umo, akaitoa nje uwanjani akafunga mlango, rundo lisijazwe tena. Akarudi. Akakaa sakafuni, lakini safari hii hakupiga magoti, alikunja miguu kama Malak. Akachukua jani.

Mikono yake, Mungu wangu. Alilichana jani vipande viwili. La pili akalikata katikati. Malak akamtazama, akamnyang'anya kwa upole, akamuonyesha: ukucha hapa, vuta hivi. Bila neno. Amisha akafuata. La nne likatoka zima. Zuwena akavua viatu vya ofisi akakaa, na huyo mkono wake mzuri, nimemfundisha mwenyewe zamani, ila alikuwa amesahau kwamba anao. Na mie nikakaa, magoti yanalia, nikachambua majani ya njiani. Mie! Binti wa watu wa karafuu, nachambua takataka za baraza la mji, na nazichambua vizuri, kwa sababu mtoto alikuwa ananitazama.

Yule baba wa ndevu akaja na kalunguyeye wake mkononi, akafungua mdomo kuuliza. Zuwena akajiwekea kidole mdomoni. Akakaa na yeye. Akalegeza tai.

Hakuna aliyesema. Watoto wengine walikuwa wanapiga kelele zao, lakini pale kwetu palikuwa kimya, na niliisikia mvua dirishani. Mara trei likawa jeupe. Malak akalinyanyua akatazama chini yake, akakuta kikonyo kimoja, akakitia kwenye rundo lake. Akanitazama.

Nikagonga mara tatu.

Akavuta pumzi, akamgeukia Amisha, na maneno yakamtoka. Kiingereza, chote, bila kituo, kinapanda na kushuka, na mikono anaipunga. Sikujua kama mtoto yule ana Kiingereza kingi hivyo. Nilishika neno "Bibi", nikashika neno "rubbish", na nikaona uso wa Zuwena unabadilika rangi.

"Kasemaje?" nikauliza. "Zuwena, kasemaje?"

"Kasema..." Zuwena akajifuta jicho. "Kasema bibi yangu anasema majani haya ni takataka na nyinyi walimu hamna akili."

Yarabi, nifukie.

"Lakini yeye anampenda Amisha. Na kuna mtoto anaitwa Tushar amemchukulia boti lake la ganda la mti, zamani, siku nyingi, na hakuweza kumwambia mtu kwa sababu rundo lilikuwa bado. Na siku ile alipoanguka uwanjani, goti likatoka damu, iliuma sana. Hakulia. Anasema kulia ni sawa na kusema."

Nililia mie. Hapo hapo, mbele ya wazazi wote, mbele ya mwanamke mwenye taji la majani. Nilikumbuka plasta ile, na jinsi nilivyotembea njia nzima nikimlaani Amisha. Nusu saa ya kupumua nilitaka, nusu saa tu, na mtoto kaibeba wiki saba mpaka na maumivu ya goti. Nilimvuta kifuani, naye akawa ananisukuma, hana nafasi na mie, bado ana mengi ya kumwambia Amisha.

Na Amisha anaandika. Ametoa daftari anaandika kila neno, hilo la takataka na hilo la kukosa akili, anatabasamu kama kapewa dhahabu. Akamwita mkuu wao mwenye miwani, akamsomea. Yule akasoma tena mwenyewe, akavaa miwani vizuri, akamuuliza Zuwena swali, kisha akaondoka bila kunitazama. Sikuhitaji tafsiri. Mtoto aliyekorogwa na lugha mbili alikuwa amenitukania watu kwa sentensi iliyonyooka.

Kwenye basi Malak alikaa dirishani akazungumza na mvua. Zuwena alikaa kando yangu.

"Kiswahili kitabaki, Mama," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Ngoja kwanza. Mwanangu umemfunza kunyamaza, na alipofumbua mdomo, cha kwanza kilichotoka ni dharau zako. Hilo nalo ulifikirie."

Nililifikiria. Sijabadilika sana, msije mkadhani. Jani bado ni jani, na soksi za yule binti bado zinaniudhi. Lakini sasa nikimvua Malak viatu nasema yangu moyoni.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, Malak akauburura ungo mwenyewe kutoka nyuma ya kochi, akauweka mbele ya redieta. Nikamwaga karafuu za Shaame, safari hii kaleta nyingi, rundo limekaa kama kichuguu. Nikakaa. Nilikuwa na mambo mengi ya kumuuliza mtoto yule. Nilitaka kujua boti lilikuwa la namna gani, na Tushar ni mtoto wa aina gani, na goti liliuma wapi hasa, na wiki saba zile alipokuwa amekaa peke yake dirishani alikuwa anafikiri nini.

"Malak, mama," nikasema, "leo tutachambua huku tunazungumza. Sheria tumeifuta."

Akavuta mdomo upande mmoja.

"La, Bibi. Tukichambua hatusemi."

Akakunja miguu, akafunga mdomo, akaokota kichala cha kwanza.

Nikaongeza kasi ya mkono. Sijachambua hivyo tangu nikiwa mwari, vidole vinawaka, na rundo hata halipungui. Malak alipogeuka kutazama gari la takataka linapita mtaani, nikachota konzi moja ya karafuu, na makonyo yake, na vumbi lake, nikaificha chini ya kanga. Mama angekuwa hai angenichapa. Malak bado alikuwa anatazama nje. Nikachota ya pili.